Bingwa wa Kusimama Mlangoni

Januari 12

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, kama uzima ni kuamka na kukuta paa bado liko juu. Goti la Mama linamsumbua alfajiri, jua likipanda linasahau, naye anasahau kwamba lilimuuma, anabeba ndoo. Nikimkataza ananiuliza ni nani kati yetu aliyemzaa mwenzake.

Ubingwa wako tuliusikia redioni. Mtangazaji alipopaza sauti "Godoro!" nikadhani ni tangazo la biashara, mpaka alipotaja uzito wako na kiwanda chako cha magodoro. Mama alipiga vigelegele peke yake, majirani wakaja mbio wakidhani kuna mchumba kaja kwangu. Nilivyowaona wanarudi kwao wamenuna! Siku hizi watoto wa mtaa wakinipita wananikunjia ngumi, eti wanamsalimia dada wa bingwa.

Sasa nieleze. Umeandika kwamba umetolewa kwenye kukata sponji na kupelekwa ofisini kwa Bosi. Darasa uliloishia nalijua, maana sare yako niliishona mimi. Hapo ofisini unafanya nini? Unaandika? Unapiga hesabu? Umesema pia umepewa chumba chenye bomba ndani. Ngumi za ridhaa hazina mshahara, mwenyewe uliniambia ukishinda wanakupa medali na soda. Sasa chumba kimetoka wapi?

Nijibu kwa barua. Usipige ile simu ya dukani, ina masikio mengi kuliko wateja.

Dada yako

*

Februari 2

Dada,

Shikamoo, na ya Mama mfikishie kabla hajabeba ndoo.

Mimi mzima. Nakimbia kabla ya jua, narudi naloweka mikono kwenye maji ya chumvi, naenda kazini. Jioni niko kwa Kocha. Shida yangu ni kula. Uzito wangu Kocha anaulinda kuliko ndoa yake. Juzi alinikuta na mkate mkononi, akaninyang'anya, akaula yeye mbele yangu, eti ananisaidia.

Huku mtaani ubingwa una adha zake. Nikikaa tu kwa kinyozi anatokea mlevi: "Wewe ndiye Godoro? Haya, nilaze basi!" Nikimgusa, nimemwonea. Nikimwacha, anatangaza kwamba nimemkimbia. Kwa hiyo natabasamu na kichwa kimenyolewa nusu.

Kazi yangu ya ofisini ni kusimama. Usicheke. Bosi akiwa na wageni nasimama mlangoni nimevaa koti la bingwa, lile la bluu lenye maandishi mgongoni. Sisemi kitu. Wakiondoka nawafungulia. Bosi anasema ofisi yenye bingwa ina heshima yake. Na ameahidi kugharamia safari ya timu yetu nzima, mashindano ya nje ya nchi mwezi wa saba. Kocha tangu asikie hivyo anamwita Bosi "baba", na ni rika moja.

Dada, nimekata sponji mpaka nikawa nakohoa vumbi la njano. Leo nikisimama mlangoni ni dhambi?

Katibu anakusalimu. Ndiye yule mkata sponji aliyenifundisha kazi, aliyekuwa akinigawia chakula chake nilipofika hapa sina mbele wala nyuma. Wenzake wamemchagua awasemee, ndiyo maana wanamwita hivyo.

Mdogo wako

*

Februari 20

Mdogo wangu,

Salamu zimetosha, leo niruhusu niende moja kwa moja. Mama hajambo. Kuku wake wawili wameibiwa, anamshuku kila mtu mtaani ila mwizi.

Mwanamume hawekwi mlangoni ili ofisi ipendeze. Kwa kupendeza watu huweka maua. Mimi nashona nguo za watu. Nikiona pindo limekunjwa mara mbili, najua chini yake kuna kitu kimefichwa. Hao wageni ni akina nani? Wakitoka wanakuwa wanacheka, au wameinamisha vichwa? Na Katibu anapowasemea wenzake, anakwenda kumsemea nani? Kama ni Bosi, basi naye anapita mlango huohuo unaousimamia wewe. Anapopita mnasalimiana?

Panya huuma huku anapuliza, mdogo wangu. Aliyeumwa hushtuka asubuhi.

Je, hakuna kitu kingine unachotaka kuniambia? Nauliza tu.

Dada yako

*

Machi 25

Dada,

Nisamehe kuchelewa. Mazoezi yamekuwa mengi, na Kocha anatufukuza kama wezi wa kuku wa Mama.

Sisi wazima. Wageni wa Bosi ni wageni tu. Safari iko palepale, tumeshapimwa macho na mapigo ya moyo.

Katibu yuko hospitali, anaumwa taya.

Mwambie Mama medali nitamletea aione.

Mdogo wako

*

Aprili 6

Mdogo wangu,

Tangu lini taya likaumwa kama homa?

Jirani yetu muuza mkaa ana shemeji yake anayeshona vitambaa vya magodoro hapo kiwandani kwenu. Amekuja kumuuguza mama yake, nami nikamwita apime gauni. Mtu akiwa amesimama na pini mwilini husema kweli. Aliniambia wafanyakazi wa gundi wanaanguka kwa moshi wake, na kwamba walikwenda kwa Bosi kuomba barakoa na madirisha. Walipofika walikukuta wewe mlangoni umevaa koti lako. Mtoto waliyemlea wenyewe! Wote midomo ikawa mizito. Aliyeongea ni Katibu peke yake, na Bosi alipomjibu hakumtazama yeye, alikutazama wewe.

Haikupita wiki, Katibu akapigwa jioni akitoka kazini, kando ya karakana ya mbao. Taya limevunjika. Aliyempiga alitokea nyuma. Lakini alipofumbua macho aliona koti la bluu.

Kiwandani hawasemi kwa sauti, ila wanasema. Na lisemwalo lipo. Barakoa hakuna anayezitaja tena.

Sitaki habari za mazoezi. Nijibu hili: ulimpiga yule mtu?

Mama hajui kitu. Nimemwambia hujaandika kwa sababu ya safari. Ameniangalia vile anavyoniangalia.

Dada yako

*

Aprili 19

Dada,

Sikumpiga.

Naona sasa hata wewe unanichunguza kwa pini. Huku nikiingia chooni wenzangu wanatoka. Meza niliyokaa kula inabaki yangu peke yangu. Nilidhani nimebakiwa na nyumba moja duniani ambayo haitaniuliza swali hilo.

Nami nina langu. Juzi Dereva wa Bosi alinipigapiga begani akiniuliza, "Dada yako anaionaje ile cherehani? Mota yake ni ya kisasa kabisa." Akacheka. Cherehani gani, Dada? Umeipokea lini, na kwa nini sikuisikia kwako? Unaniuliza chumba changu kimetoka wapi huku wewe unakanyaga mota ya Bosi?

Mdogo wako

*

Aprili 28

Mdogo wangu,

Nimekaa chini nikiwa na barua yako mpaka Mama akauliza nani kafa.

Ile cherehani ililetwa Januari, siku chache tu baada ya ubingwa wako. Mtu mmoja mwenye gari safi aliishusha akasema, "Zawadi kutoka kwa bingwa." Niliamini ni wewe. Ila nilijiuliza mtu wa medali na soda kapata wapi kitu kama kile. Nikaamua ninyamaze, nione kama utaitaja mwenyewe. Barua ya kwanza hukuitaja. Nikasema anaona haya. Ya pili hukuitaja. Nikasema basi fedha yake ina harufu. Kila ulivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kukushuku, kumbe unanyamazia kitu usichokijua.

Sasa nimeelewa. Wewe umefungwa kamba mguu wa kulia, mimi wa kushoto, ili mmoja akitaka kukimbia amwangushe mwenzake. Leo asubuhi nimeifunga kwa magunia nikaipakia kwenye basi la mizigo, anwani ya kiwandani kwenu, jina la Bosi kwa herufi kubwa. Nimerudi kwenye ile ya zamani ya kukanyaga kwa mguu. Mama amefurahi, anasema ile ya mota ilikuwa inamnyima usingizi wa mchana.

Umesema hukumpiga. Nakubali, maana uongo wako naujua tangu utotoni, huwa mrefu. Lakini jibu lako lilikuwa fupi kama mlango unaofungwa. Koti la bluu halitembei peke yake. Hukumpiga. Basi ulikuwa wapi?

Dada yako

*

Mei 15

Dada yangu,

Nilikuwa ndani ya gari.

Siku ile jioni Bosi aliniita. "Katibu ni mtu wako," akasema. "Nenda na Dereva mkampokee njiani mumlete, tuongee kwa utulivu bila kelele za wenzake. Vaa koti, akikuona wewe hatakuwa na hofu." Dada, nilifurahi. Nilijiona nimekuwa mpatanishi.

Tulisimama kando ya ukuta wa karakana ya mbao. Jua lilikuwa bado lipo. Dereva akaniambia, "Kaa, mimi nitamwita." Akashuka. Nilimwona Katibu anakuja, mfuko begani, anatazama chini kama kawaida yake. Dereva alimwacha apite kwanza. Halafu mkono wake ukapanda, na mkononi mlikuwa na spana ya magurudumu.

Ulingoni mimi naiona ngumi kabla mwenyewe hajaamua kuirusha. Hata pale niliiona. Lakini mwili ulikataa kunyanyuka, kama vile kengele haijalia. Nilipofungua mlango Katibu alikuwa ameshaanguka. Nikamkimbilia, nikapiga magoti, nikamshika kichwa. Akafumbua macho. Aliponitambua, Dada, aliinua mikono yote miwili akajikinga uso. Alikuwa anajikinga na mimi.

Dereva akanivuta: "Watu wanakuja. Panda!"

Nikapanda. Hilo ndilo sijalielewa mpaka leo. Napigana na watu waliofundishwa miaka mingi namna ya kuniumiza, siwaogopi. Mtu ambaye kichwa chake kinanifika begani kaniambia panda, nikapanda.

Asubuhi Bosi alinifungia mlango, akanimiminia chai kwa mkono wake. "Nimesikia mambo ya jana," akasema. "Usiwe na wasiwasi. Maadamu mimi nipo, hakuna atakayekugusa." Nikamwambia si mimi. Akasema, "Najua. Mimi najua, na Dereva anajua. Wengine wote watajua tutakachowaambia." Ndipo nikaona. Ngumi zangu hakuzihitaji hata siku moja. Alihitaji watu waamini kwamba ni zangu.

Nikamwendea Kocha. Alisikiliza huku anafunga bandeji mikononi mwa kijana mwingine. "Ukisema, safari imekufa," akanijibu. "Na si yako peke yako, ni ya wote. Nenda kwanza, rudi na medali, halafu sema upendavyo." Nikakubali. Ndiyo maana nilikuandikia habari za kupimwa macho.

Nimekwenda hospitali kumwona Katibu. Mke wake alitoka akasimama kwenye mlango wa wodi. Ananifika kifuani yule mama. Akasema, "Hapa hupiti." Nikageuka.

Kesho nakwenda polisi. Nimekuandikia kwanza kwa makusudi: ukishajua wewe, sina tena pa kurudi nyuma.

Mdogo wako

*

Mei 24

Mdogo wangu,

Barua hii ikifika utakuwa umeshakwenda, au umeshaogopa. Kama umeogopa, nenda. Nenda mchana, upitie barabara yenye watu.

Chumba cha Bosi kiache, hata kama utalala juu ya mikeka ya mazoezi. Chai yake usinywe tena. Koti usilifue wala kulitupa, maana ulimshika mtu anayetoka damu, na watu wale kesho watasema hukumshika. Ukisaini kitu chochote, kisome mwenyewe mpaka mwisho, hata wakikuambia umechelewa.

Mama nimemsomea yote. Akasema, "Aliyepanda gari ana miguu ya kushukia." Halafu akaenda nyuma ya nyumba, na alikaa huko kwa muda mrefu.

Sijalala vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nakuchokonoa useme, sasa natamani ungekuwa bado unaniandikia habari za mkate.

Dada yako

*

Agosti 3

Dada,

Shikamoo. Niko hai, niko nje, nina njaa. Mengine nitakueleza kwa mpangilio.

Pale kituoni askari wa mapokezi alinitambua. Akasimama, akakunja ngumi, akataka tupige picha. Nilipomwambia kilichonileta akakaa. "Bingwa, fikiri," akasema. "Mpaka sasa hakuna aliyekutaja kwa maandishi. Ukijiweka kwenye lile gari, umejiweka kwenye kesi." Nikamwambia ndimo nilimokuwa, aandike. Wakaniweka ndani.

Aliyekuja kunidhamini huwezi kumjua ukikisia mpaka kesho: Kocha. Alitia saini bila kunitazama, halafu akanitukana toka kituoni mpaka kwake, hakurudia tusi hata moja. Bosi alikuwa ameshaifuta safari. Vijana wenzangu waliofanya mazoezi mwaka mzima wamebaki na mabegi yao. Wawili wanapita upande wa pili wa barabara wakiniona. Siwalaumu. Kazi imekwenda, chumba kimekwenda. Nalala kwenye mikeka ya mazoezi kama ulivyosema, na mchana napakia mbao.

Kesi ilisikilizwa wiki iliyopita. Bosi alisema hajui lolote, Dereva alikuwa na ugomvi wake binafsi. Dereva hakusema kitu. Mimi nilisema yote. Wakili wa Dereva akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Mtu amepigwa," akaiambia mahakama, "na kati ya hawa wawili mmoja ni bingwa wa kupiga. Sisi tunatafuta nini tena?" Dada, niliona vichwa vikiitikia. Hata mimi, kama ningekuwa nimekaa kule nyuma, ningeitikia.

Akaitwa Katibu. Taya bado halifunguki vizuri, maneno yanatoka yamebanwa. Mke wake amekaa mbele, hajanitupia jicho tangu asubuhi. Hakimu akamuuliza kama mimi ndiye niliyempiga.

Aliniangalia muda mrefu. Sijawahi kuangaliwa vile, hata na mtu aliyetaka kuniangusha.

"Mheshimiwa," akasema, "aliyenipiga sikumwona. Lakini mapambano ya huyu kijana nimeyahudhuria yote. Kama angenipiga yeye, leo mngekuwa mnamhoji mjane wangu."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu aliinama kama anatafuta kalamu. Hata mke wa Katibu alijifunika mdomo. Mimi macho yalijaa, nikawa naangalia dari.

Katibu alisubiri wanyamaze.

"Ila alipanda gari akaniacha chini," akasema. "Hilo nalo liandikwe."

Likaandikwa.

Dereva amefungwa, mimi nimeachiwa. Bosi yuko palepale ofisini kwake, mlangoni kaweka mbwa. Barakoa zimeletwa, nyepesi kama karatasi, lakini zimeletwa, na madirisha mawili yametobolewa ukutani. Shemeji wa muuza mkaa anaweza kukuhakikishia, wewe usiyeamini mtu.

Nje ya mahakama nilimsogelea Katibu. Mkono hakunipa. Alisema, "Daktari amenikataza kuinua vitu vizito. Jumamosi kuna tangi la maji la kuhamisha nyumbani." Nikamwambia nitakuja. Mke wake akasema, "Uje umeshakula, hapa si hotelini." Nilikwenda. Nilihamisha tangi, kabati, na jiwe la kufulia ambalo nina hakika lilikuwa halihitaji kuhama. Nilipomaliza aliniwekea sahani mezani, hakusema kula wala usile.

Mwambie Mama kwamba mwaka huu hakuna medali nyingine.

Mdogo wako

*

Agosti 14

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Kuku walioibiwa walikuwa kwa dada wa padre wetu—hawakuibiwa, walihamia wenyewe, mahindi ya kule ni mengi. Mama amezunguka mtaa mzima akiwaomba radhi aliowashuku, na kila nyumba amekaa mpaka chakula cha mchana.

Habari ya medali nilimpa. Akauliza kama unakula. Nikamwambia mke wa Katibu alikuwekea sahani. Akauliza, "Aliimaliza?" Hukuandika. Andika.

Barua zako za mwaka huu nilikuwa nazisoma kama mtu anayefumua nguo aliyoshona mwingine, natafuta mahali ulipoficha uzi. Nilizisoma mpaka mikunjo ikachanika. Hii ya juzi nimeisoma mara moja tu, nikaiweka kabatini, nikaendelea na kazi.

Dada yako